Mlango wa Nyuma, Chumba cha Tatu

Machi 9, Jumatatu
Mawingu mazito, hakuna mvua.

Kila siku naanza na hali ya hewa. Mhariri wangu wa kwanza ndiye aliyenifundisha: andika jua au mvua, na saa yake, halafu ndiyo uandike walichofanya watu. Watu watakukana mahakamani, mvua haikukani. Nina miaka ishirini na nane kwenye kazi ya habari na sijaacha.

Leo nimehamia kwa mdogo wangu, Komeo. Jina hilo alipewa kazini, alipokuwa mlinzi wa ghala, kwa sababu alifunga kila mlango mara mbili na bado alirudi kuutikisa. Mkewe alinipigia simu jana. Hakulia. Alisema, "Wifi, wewe kazi yako ni kuona. Njoo ukae hapa uone, maana mimi nikisema naambiwa natia chumvi."

Nyumba ni vyumba viwili na kibaraza wifi alipoweka cherehani yake. Paa la mabati, halina dari. Shingoni wifi ana alama za vidole, nne upande mmoja na moja upande wa pili, zimeanza kugeuka kijani. Nimeona shingo nyingi. Hizi zina siku tatu.

Novemba iliyopita wezi wenye mapanga waliingia ghalani. Walinzi walikuwa wawili. Mwenzake Komeo alikatwa mara kumi na nne. Niliyahesabu majeraha mwenyewe chumba cha maiti, kwa sababu habari ile niliiandika mimi. Komeo alikutwa chini ya magunia ya mbegu, mzima, bila hata mkwaruzo. Polisi hakuwaambia kitu. Mimi sikumuuliza. Januari na Februari alikuwa mtu kama watu.

Machi 12, Alhamisi
Mvua kubwa, saa tisa alasiri hadi saa kumi.

Wifi aliingia chumbani kuchukua uzi. Komeo alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alimshika nywele, akampiga uso ukutani mara mbili, kisha akamwachia na kukaa chini. Nilikuwa hatua nne nyuma. Hakuna neno lililotangulia, wala ugomvi, wala pombe. Nimemnusa.

Jino moja limelegea. Wifi alitema damu kwenye beseni akasema, "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi andika."

Machi 13, Ijumaa
Jua. Komeo amefua nguo zote, za mkewe pia, na amefunga mkanda mpya wa cherehani. Alinitania kwamba napika kama ninavyoandika, bila chumvi.

Machi 15, Jumapili
Jua. Hakuna la kuandika.

Machi 17, Jumanne
Mvua ya mawe, saa nne asubuhi, dakika arobaini.

Seremala wa jirani ana kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wetu. Ni mtu wa mzaha. Komeo alikuwa kwake akisaidia kushika mbao, mvua ikaanza. Nilikuwa kibarazani na niliona yote. Seremala aliita mara mbili, "Bwana Komeo! Hebu nipe randa." Komeo hakujibu. Seremala akazunguka nyuma yake akamgonga begani kwa kidole.

Komeo aligeuka na ubao. Pigo la kwanza lilivunja taya. Nililisikia juu ya kelele ya mvua ya mawe, ambayo si kelele ndogo. Pigo la pili lilimpata akiwa tayari magotini. La tatu nililizuia kwa kumwangukia Komeo miguuni. Nilimshika vifundo vya miguu. Alikuwa akitetemeka kama mtu mwenye homa, na alikuwa akiangalia mlango. Kwa seremala hakutupa jicho hata kidogo.

Mawe yalipokoma aliuona ubao mkononi mwake, kisha akaiona damu. Akaniuliza, "Dada, nani amefanya hivi?"

Katika miaka yangu mahakamani nimelisikia swali hilo kwa wauaji watatu, na nilidhani wote walikuwa wanadanganya.

Machi 18, Jumatano
Mawingu.

Kituo cha polisi. Askari wa zamu alisikiliza huku akichonga penseli.

"Mlalamikaji yuko wapi?"

"Hospitali. Taya limefungwa waya. Hawezi kusema."

"Basi akiweza kusema, aje aseme. Na huyo mke?"

"Ana jino limelegea na alama shingoni."

"Hayo ni ya ndani, mama. Mambo ya ndani yamalizieni ndani."

Niliporudi watu wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha seremala, juu ya maranda yenye damu. Kaka yake seremala alisimama kunipisha, kwa heshima kabisa, akasema, "Shikamoo, mama mwandishi. Tumekaa tumekubaliana. Akirudia, hatukusumbui wewe wala polisi. Tutamaliza wenyewe."

Nimeandika habari za namna hii mara tisa. Huanza mtu mmoja akisema tusimwachie, na huisha watu wote wakisema hawakuwepo.

Machi 19, Alhamisi
Jua.

Hospitali kubwa. Tulipanga foleni saa sita nzima. Daktari alimwona Komeo kwa dakika nne: mpole, nguo safi, anajibu kila swali.

"Mbona mgonjwa wako ametulia?"

"Leo ametulia, daktari."

"Mlete akiwa hajatulia."

"Akiwa hajatulia haletiki."

"Basi sijui nikusaidieje." Akaandika vidonge vya usingizi. Njiani Komeo alivitupa mtaroni. Alisema mtu aliyelala hasikii anayekuja.

Niliandika maneno hayo bila kuyaelewa.

Machi 21, Jumamosi
Jua. Wifi ameshona sare kumi na mbili.

Machi 24, Jumanne
Mvua, saa kumi na mbili kasorobo hadi saa moja jioni.

Komeo huweka kipande cha nondo nyuma ya mlango wa mbele. Niliingia mbio kukwepa mvua, kichwa nimekiinamisha, sikubisha. Nondo ilinipata juu ya jicho la kushoto. Nilianguka kwa ndani, jambo lililokuwa baya, kwa sababu alipata nafasi ya kuinyanyua tena. Wifi alimrukia mgongoni, akamng'ata sikio. Komeo akamtupa juu ya cherehani, iliyokuwa imeingizwa ndani kwa ajili ya mvua. Mimi nilitambaa hadi nje, damu ikiniziba jicho, na alipofika kizingitini alisimama. Hakuvuka. Alinitazama nikiwa kwenye matope kama anayejaribu kukumbuka jina langu.

Nyuzi saba, kwenye zahanati ya mtaa. Aliyenishona ni mzee anayeongea na sindano mkononi.

"Nani kakupiga?"

"Mdogo wangu."

"Mlevi?"

"Hapana. Anabadilika tu, halafu anarudi."

"Mpeleke chumba cha tatu."

"Chumba gani?"

Aliacha kushona. "Mlango wa nyuma hapa hapa. Ushauri nasaha, kwa watu waliopatwa na makubwa kama hayo. Kwani si wewe uliyeandika?"

Machi 25, Jumatano
Jua kali.

Nimekwenda kwenye chumba cha magazeti ya zamani ofisini. Ukurasa wa saba, miaka miwili iliyopita, safu ya pembeni. Jina langu lipo. Habari inasema huduma imefunguliwa ya kuwasaidia watu walioumizwa akili na mambo mazito, na wanaotaka kujidhuru au kuwadhuru wengine. Kwamba ni bure. Kwamba afisa fulani alifurahi na kutoa hotuba. Hotuba ina mistari sita. Kisha habari inaisha.

Nilichomoa daftari langu la mwaka ule. Nilikuwa nimeandika aya mbili zaidi. Zilisema mlango wa nyuma wa zahanati, chumba cha tatu, Jumanne na Alhamisi, na namba ya simu.

Sisi tumefundishwa kuweka kubwa juu na dogo chini, ili nafasi ikipungua mhariri akate kutoka mkiani bila kusoma. Mimi niliweka hotuba juu na mlango chini. Nilikwenda kumwonyesha Mhariri wetu wa sasa.

"Nani alikata?"

Alivaa miwani. "Mimi. Lilikuja tangazo la magodoro. Ulikuwa mkia tu, dada yangu."

"Ulikuwa mlango."

"Ungeuweka juu."

Hakukosea.

Machi 26, Alhamisi
Mawingu asubuhi, kavu.

Komeo alikataa kuja, nikaenda peke yangu. Chumba kina meza, viti vitatu visivyofanana, na dirisha linalotazama tangi la maji. Benchi la nje lilikuwa tupu. Nesi wa chumba hicho ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema na viziwi. Nilimwambia mimi ni nani.

"Nakufahamu. Tulibandika habari yako ukutani. Ilisema tupo. Haikusema tupo wapi." Hakusema kwa ubaya. "Mwezi wa kwanza alikuja mtu mmoja, alikuwa amepotea, akitafuta maabara. Haya, niambie."

Nilimsomea shajara hii, kama ninavyosoma mbele ya hakimu. Aliandika. Nilipomaliza akasema, "Nisomee tena. Mstari wa kwanza tu wa kila siku, na kama alipiga au hakupiga."

Nilisoma. Mawingu, hakupiga. Mvua, alipiga. Jua, hakupiga. Jua, hakupiga. Mvua ya mawe, alipiga. Mawingu. Jua. Jua. Mvua, alipiga.

"Na zile alama za shingoni ulizozikuta?"

Nilihesabu nyuma. Siku tatu kabla ya tarehe tisa. Ijumaa ile ilinyesha mvua ya kwanza ya mwaka.

"Nyumba ina dari?"

"Haina. Mabati matupu."

"Ghala je?"

Ghala lile naliona hadi leo: mabati juu, mabati ubavuni. Usiku wa wezi ilinyesha. Niliandika hivyo kwenye daftari, saa na dakika, halafu kwenye gazeti sikuiweka, kwa sababu hali ya hewa haikuwa habari.

"Mvua ikipiga bati," Nesi alisema, "hasikii hatua. Mwili wake unajua kinachokuja mtu asiposikia hatua. Anapiga kwanza. Huyo hana wazimu, na wala sikwambii hana hatari. Ataua mtu, au atauawa. Sasa nisikilize. Mvua ikianza, msimwendee kwa nyuma, msiingie alipo. Simama mbele anapokuona, taja jina lako, taja siku, taja ulipo. Muite atoke nje. Nje mvua haina kelele kama ndani. Na umlete Jumanne. Usipoweza, nipigie, nitakuja kwa miguu yangu."

Machi 30, Jumatatu
Jua. Nondo nimeitupa chooni. Nimemwambia Komeo kuhusu chumba cha tatu.

"Mimi si kichaa, Dada."

"Sijasema."

"Nikionekana kwenye mlango ule umeshasema." Akaukuna ukuta kwa ukucha. "Wote mnataka kujua nilisikia nini usiku ule. Sikusikia kitu. Yule mwenzangu, mzee wa watu, alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, wanamkata, na mimi sikusikia kitu. Niligeuka kumwomba kiberiti."

Machi 31, Jumanne
Kavu. Amekataa.

Aprili 2, Alhamisi
Mvua kubwa kuliko zote, kuanzia saa saba na dakika kumi mchana.

Nilikuwa sokoni. Simu yangu iliita, ni wifi. Nilipopokea sikusikia sauti yake, nilisikia bati tu. Nilimpigia Nesi nikiwa nakimbia.

Muuza maziwa alikuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza chetu. Komeo alitoka akampiga kigoda cha kichwa, akarudi ndani, akafunga mara mbili. Wifi alikuwa ndani. Nilipofika, muuza maziwa alikuwa amelala kifudifudi, maziwa na damu vikienda mtaroni pamoja. Nilimgusa shingo. Mapigo yapo. Lakini neno lilikuwa limeshatembea mtaani kwamba ameua.

Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu. Marungu sita, panga moja, mawe, na kijana wa gereji mwenye chupa ya petroli iliyozibwa kwa tambara. Seremala alikuwepo, taya lake na waya, nyundo ya mbao mkononi. Kaka yake alikuwa akipiga mlango kwa bega. Kila alipopiga, ndani wifi alipiga kelele. Mlango ule ukivunjika, Komeo angemaliza aliye karibu naye, na hao kumi na tisa wangemmaliza yeye.

Nilisimama kati ya mlango na bega la yule kaka. Nikatoa daftari na penseli. Natumia penseli; wino hauandiki mvuani.

"Jina lako kamili?"

"Mama, tupishe!"

"Jina kamili, umri na kazi. Kesho habari hii itatoka, na mimi sikosei majina. Umevaa shati la bluu, uko mbele. Nikuandikeje?"

"Usiniandike mimi."

"Basi sogea nisikuone." Nikamgeukia wa gereji. "Wewe mwenye petroli. Jina la baba yako nalijua. La kwako?"

"Hii si petroli."

"Ni nini?"

"Ni... ni ya kwangu tu." Akaificha mgongoni. Mtu mmoja nyuma alicheka, cheko la woga, na mwingine akamwambia, "We mpumbavu, kunywa basi!"

Nikamwandika seremala kwa sauti: "Seremala, taya limevunjwa na mtuhumiwa, nyundo ya mbao. Huyu ana haki ya kukasirika. Nimeandika hivyo pia." Alinitazama muda mrefu. Akaiweka nyundo kwapani. Hakuondoka.

Nilipohesabu tena walikuwa kumi na watatu.

Ndani kukawa kimya. Hicho ndicho nilichokiogopa zaidi.

"Komeo! Ni mimi, dada yako. Leo ni Alhamisi, saa saba na nusu mchana. Niko mbele ya mlango. Toka nje. Huku nje kunasikika."

Kisha sauti yake, karibu sana na mbao: "Uko na watu?"

"Kumi na watatu. Wote wako mbele yako. Kati yangu na mlango hakuna mtu."

"Wana nini?"

"Marungu. Mawe. Sikudanganyi."

Komeo la kwanza likavutwa. La pili likavutwa. Alitoka wifi kwanza, mkono wa kulia unaning'inia umevunjika chini ya kiwiko, mkono wa kushoto ameshika mkasi wake mkubwa, umelowa hadi kwenye vishikio. Damu haikuwa yake. Komeo akafuata akiburuta mguu. Paja lilikuwa limefunguka kwa urefu wa shibiri. Mvua ilimpiga usoni. Aligeuza kichwa huku na huku, taratibu, akisikiliza.

Jiwe lilitoka upande wa kulia. Lilimpasua mdomo na kuondoa meno mawili. Niliona ngumi zake zikijikunja. Niliona nyundo ya seremala ikitoka kwapani.

"Nani karusha?" niliuliza, penseli juu. "Jina?"

Na hapo Nesi alitokea kwenye kona, viatu mkononi, miguu peku, mwavuli umepinduka. Alipita katikati yao kama mtu anayewahi foleni, akasimama hatua mbili mbele ya Komeo.

"Mimi ni nesi. Leo Alhamisi. Niko mbele yako. Chumba changu kina dari. Utatembea?"

Alitema damu. "Nitatembea."

"Wengine mbebeni huyo wa maziwa. Marungu yenu yatafaa kwa machela."

Walibeba. Kwa kweli walibeba, na kaka yake seremala alishika upande wa kichwa.

Aprili 3, Ijumaa
Mawingu. Muuza maziwa amefumbua macho. Sikio moja halisikii. Askari amechukua maelezo safari hii. Komeo yuko nje kwa dhamana, atajibu kesi. Wifi amefungwa plasta na amekwenda kwa mama yake. Mlangoni aliniambia, "Mkasi ule nilimchoma nikijua ni yeye, wifi. Usiandike kwamba sikujua." Kisha akasema, "Sirudi mpaka lile paa linyamaze."

Aprili 9, Alhamisi
Mvua asubuhi. Tulikuwa tayari chumba cha tatu. Komeo alikaa dakika kumi, akatoka.

Aprili 16, Alhamisi
Mvua. Alikaa nusu saa, akavunja kiti. Nesi alisema kiti ni cha kuvunjwa, akamletea kingine.

Aprili 21, Jumanne
Kavu. Saa nzima. Nilimsikia kupitia mlangoni akilia kwa kelele, kama anayetapika. Sikuandika alichosema. Hiyo si yangu.

Aprili 23, Alhamisi
Jua. Nimempa Mhariri habari mpya. Aliusoma mstari wa kwanza akanitazama juu ya miwani.

"'Mlango wa nyuma wa zahanati, chumba cha tatu, Jumanne na Alhamisi.' Halafu namba ya simu. Habari gani hii inaanza na mlango?"

"Hii."

"Na ndugu yako? Na watu kumi na tisa? Hiyo ndiyo habari, dada yangu. Umeiweka chini kabisa."

"Tangazo likija, kata mkia."

Likaja. Akakata. Namba imetoka nzima.

Aprili 28, Jumanne
Manyunyu. Benchi la chumba cha tatu halikutosha. Watu kumi na mmoja. Mmoja ni askari wa zamu aliyekuwa akichonga penseli. Tulisalimiana kama watu wasiofahamiana.

Mei 4, Jumatatu
Kavu. Komeo amekwenda kuomba radhi. Seremala, ambaye bado hawezi kufungua mdomo, aliandika kwenye ubao kwa chaki: TOKA. Komeo akatoka.

Mei 9, Jumamosi
Jua. Wifi ametuma magunia matatu ya vipande vya nguo, bila ujumbe. Komeo anavipigilia chini ya mabati, safu juu ya safu. Dari hiyo inatisha kwa ubaya. Nimelipiga bati kwa fimbo kutoka nje. Ndani, anasema Komeo, linasikika kama mtu anayekung'uta mkeka kwa jirani.

Mei 18, Jumatatu
Mvua kubwa, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja kasorobo.

Wifi alikuja kuchukua cherehani yake, na mvua ikamkuta mlangoni. Komeo alikuwa amekaa ukutani, uso mlangoni, viganja juu ya magoti. Jasho lilikuwa linamtoka. Kidole gumba kilikuwa kinapiga goti.

Wifi hakuingia. Mkono wa plasta aliuweka kifuani. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya mkoba, na nilijua umeshika nini.

"Ni mimi, mkeo," alisema. "Jumatatu. Niko mbele yako, mlangoni."

Alikawia. Mvua iliongezeka. Nilihesabu hadi ishirini na sita.

"Nimekusikia tangu uko kwenye ngazi," Komeo alisema. "Unaburuta kandambili."

Wifi alibaki kizingitini hadi mvua ilipokoma. Hakuutoa mkono mkobani. Cherehani hakuichukua, alisema atapita siku nyingine.

Hakuna aliyepigwa.